Gunia Moja la Mbegu, Majibu Mawili

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na nikikuchanganya katikati ya barua hii nivumilie, maana mwenyewe nimechanganyikiwa mpaka juzi nimetia chumvi kwenye chai na sukari kwenye maharage, na mume wangu akala akanyamaza, na huyo akinyamaza ujue mambo yameharibika.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto, ninaishi kwa mama mkwe wangu ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Mbegu, kwa sababu tangu mume wangu akiwa anatambaa mama huyu anatengeneza chai ya mbegu, shamari na giligilani na habasoda, anazikaanga kidogo, anazichanganya, tunazifunga kwenye vifuko, na chai hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote. Mtu akijaa gesi tumboni anakuja kwetu, mama akijifungua na maziwa yakachelewa anakuja kwetu, na mimi mwenyewe nilipojifungua nilikunywa mpaka nikawa nanukia shamari na sikupata hata kizunguzungu. Mama ananunua na kuchambua mbegu, mimi nafunga vifuko na kubandika lebo, mume wangu anavisambaza madukani kwa gari, na siku zote tulikuwa tunakula na kucheka pamoja, sitaki udhani ni nyumba ya ugomvi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ng'ambo ya barabara yupo fundi cherehani, ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, amejifungua hivi karibuni na hakupumzika sana, akarudi kwenye mashine yake na mtoto kamlaza kwenye kikapu pembeni ya vitambaa. Maziwa yakawa yanamsumbua, nikampelekea kifuko cha chai kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia chemsha, kunywa kikombe kikubwa, utanishukuru. Akanywa asubuhi, na kabla ya adhuhuri mteja aliyekuja kuchukua sare za mtoto wake akavuka barabara mbio akasema njooni mumuone mwenzenu. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba anachuma nyuzi hewani, Mshauri, nyuzi ambazo hazipo, anazichuma moja moja kwenye bega la mtu asiyekuwepo na kuzikata kwa mkasi, halafu akanigeukia akaniita dada, nikasema ni mimi rafiki yako, akasema, "Najua, dada, ila mwambie huyu mgeni asikae juu ya kitambaa cha watu." Hapakuwa na mgeni. Mboni za macho zilikuwa zimetanuka, ngozi inawaka moto lakini haina jasho, na mdomo umemkauka hata ulimi unanata. Nikamnyang'anya mkasi, nikamchukua mtoto, tukamwita mumewe, huyo ni fundi bomba, akaja na viatu vya matope tukampeleka hospitali.

Huko wakatuuliza, amejifungua lini, tukasema juzijuzi tu, wakatikisa kichwa, wakasema ni ile hali inayowapata baadhi ya wazazi, wakampa dawa za kumtuliza, na baada ya siku chache akarudi nyumbani ametulia lakini mzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mtaani wakaliita jambo kwa jina lake baya, kichaa cha uzazi. Mumewe akaogopa, akampeleka mtoto kwa dada yake akalelewe kwa maziwa ya kopo. Na yeye kila anayekwenda kumwona anamwambia, "Mimi nilikunywa chai tu," na wote wanaitikia ndiyo, ndiyo, kama unavyomwitikia mtu asiye na akili zake. Hata mimi niliitikia ndiyo, ndiyo.

Lakini moyo haukutulia, kwa sababu nilikumbuka kwamba kifuko kile kilitoka kwenye gunia jipya la habasoda, safari hii mama hakumpata yule mkulima wake wa zamani akanunua kwa mchuuzi sokoni. Basi nikachota kidogo juu ya gunia nikaenda maabara ya kupima vyakula bila kumwambia mtu, nikasema ni chai yangu ya nyumbani nataka kuwa na uhakika, nikadanganya hapo, najua. Dada mpimaji akaniambia kuna magugu yana sumu ya asili, inaitwa alkaloidi, mbegu zake zikichanganyika na mbegu nzuri mtu hajui, watapima. Nikarudi baadaye akaniambia sampuli ni safi. Nilitoka pale nikacheka peke yangu barabarani kama ndiye mimi mgonjwa.

Furaha ikakaa siku mbili ikaondoka. Nikasema ngoja nijipime mwenyewe, nikapika kikombe nikanywa, nikakaa jikoni nikijisubiri nichanganyikiwe, na mdomo ulipoanza kukauka sikujua kama ni sumu au ni woga, nikajitazama macho kwenye mgongo wa sufuria, nikaona macho ya sufuria tu. Nikarudi maabara na mbegu nyingine, safari hii nikachimba mkono mpaka chini ya gunia. Dada mpimaji akaniita pembeni akasema, "Hii usinywe. Tumekuta alkaloidi za mnanaha, lile gugu, tena kwa wingi." Nikamwuliza, "Kwa hiyo lile la kwanza mlikosea?" Akasema, "Hatukukosea. Tulipima ulichotuletea." Simu yake ikaita, watu wako foleni nyuma yangu, akaniambia nisiondoke kabla hajaniunganisha na wakaguzi, nami nikamwambia nakwenda kuchukua kitambulisho nje, na sikurudi.

Sasa ndiyo sielewi. Gunia ni moja, majibu ni mawili, na wote wanasema hawakukosea. Nikamwambia mume wangu, akasema, "Umeletewa majibu mawili na moja limetuacha huru, unataka Mungu akupe nini tena? Kama maabara yenyewe haijui, sisi tutajuaje?" Akaniambia nisimwambie mama, ana presha, akisikia mkaza mwana wake amepeleka mbegu zake kupimwa kama mwizi anayepeleka saa ya wizi kwa fundi, ataanguka. Na mimi nikaendelea kufunga vifuko. Nasema ukweli, nikaendelea.

Kilichonifanya nikuandikie ni cha leo asubuhi. Fundi cherehani amevuka barabara polepole, ameshika ukuta, amekuja kumwomba mama chai, kwamba maziwa yanamkauka kwa kuwa mtoto hayupo, na akipata maziwa labda mumewe atamrudisha mtoto. Mama akamwonea huruma, akampa kifuko bure, akamwambia, "Chukua mwanangu, hii haijawahi kumwangusha mtu." Nilikuwa nimesimama pale pale na lebo mkononi. Nikamfuata mpaka mlangoni nikamwambia usinywe kwanza. Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia, "Basi tu." Akanitazama vibaya, akaenda zake.

Mshauri, jibu lipi ni la kweli? Je, inawezekana rafiki yangu ana ugonjwa wa uzazi kweli na mimi nataka kuiteketeza nyumba ya mume wangu kwa sababu ya wazo tu? Na kama ni chai, mbona mimi sikuchuma nyuzi? Nikisema nitakuwa nimemuua mama mkwe ambaye amenilea kuliko mama yangu, nikinyamaza nitakuwa nimemfanya nini mwenzangu, hata sijui neno lake. Namba yangu ya simu nimeiandika chini. Sijui nimalizie wapi, kwa hiyo naishia hapa.

Ni mimi, mkaza mwana wa Bibi Mbegu.

JIBU LA MSHAURI

Mwanangu, barua nyingi zinazofika mezani kwangu hungoja zamu. Yako, iliyoletwa kwa mkono mchana ule ule, sikuingojesha gazeti. Nilifika kwenye lile "basi tu" nikaacha kusoma, nikatafuta namba yako. Umeniruhusu kusimulia yaliyofuata ili na wengine wasikie, basi nitayasimulia, halafu nitakugombeza, halafu nitakujibu.

Nilikuuliza swali moja tu: kile kifuko kiko wapi? Ukasema, "Kwake." Ukaanza kunieleza habari za gunia na majibu mawili, nikakukatiza. Nikakwambia weka simu, vuka barabara, maelezo yana siku yake.

Ulivuka. Hilo nakupa, na nakupa kwa mikono miwili. Ulimkuta jikoni, maji ya birika yamechemka, kifuko kimefunguliwa, lakini hajakitia. Na unajua kwa nini hajakitia. Si kwa sababu alikuelewa. Alidhani na wewe umeshamhesabu kichaa, kwamba umeona chai ya watu inapotea bure kwa mtu ambaye hatarudishiwa mtoto. Alikaa mbele ya birika anajiuliza kama kweli yu mzima. Ndivyo "basi tu" yako ilivyofika kwake. Mtu anayetaka kumwonya mwenzake amwambie kuna nini, asimwachie kitendawili, hasa mtu ambaye watu wamekwisha kumfanya asiamini macho yake mwenyewe.

Ukamwambia yote, ukiwa umesimama. Akakuuliza, "Ina maana sikuwa kichaa?"

Ukasema, "Huenda ilikuwa ni chai. Chai yetu."

Akasema, "Rudia. Ngoja kwanza nimwite mume wangu, halafu urudie."

Fundi bomba akatoka uani na mikono yenye maji. Ukarudia. Hakukutukana, uliniambia, na hilo lilikuumiza kuliko kama angekutukana. Alifunga kile kifuko kwenye mfuko wa plastiki, akamshika mkewe, wakaenda hospitali, na wewe ukaenda nao. Daktari alipoonyeshwa mbegu na kusikia maneno ya maabara, akarudia kuuliza habari za mboni, na ngozi isiyo na jasho, na mdomo mkavu, akasema laiti angeambiwa haya siku ya kwanza. Hakumkatisha dawa siku ile ile, na mtu mwingine yeyote asimkatishe. Alisema atazipunguza taratibu huku akimwangalia. Lakini alimwambia mumewe, mbele yako, kwamba haoni sababu ya mama huyu kutengwa na mwanawe. Mtoto amesharudi. Maziwa yanarudi kidogo kidogo, mengine kopo litasaidia, na hakuna aibu katika kopo.

Sasa kelele zangu. Ulikunywa chai ile makusudi ukajikalisha jikoni kujitazama kwenye sufuria. Mwanangu, mwili wako si maabara. Una watoto. Ungekuta kijiko kibaya, nani angekunyang'anya mkasi? Pili, ulimkimbia dada mpimaji kwa uongo wa kitambulisho. Yule ndiye mtu pekee aliyekuwa na jibu la swali lako, na ulimwacha na foleni yake. Tatu, na hili ndilo zito, uliendelea kufunga vifuko ukiwa umekwisha kuambiwa "hii usinywe". Umelikiri mwenyewe kwa hiyo sitalikanyaga tena, ila usilisahau.

Umeniuliza jibu lipi ni la kweli. Mimi si mkemia, kwa hiyo nilimtafuta mtu anayeifanya kazi hiyo, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema yote mawili ni ya kweli. Mbegu si maji, kwamba ukitia sumu inaenea sawasawa. Mnanaha ni gugu, linaota lenyewe katikati ya mazao, linavunwa pamoja nayo, na mbegu zake nyeusi zinajificha vizuri ndani ya habasoda. Zinakaa mafungu mafungu. Umewahi kula wali wenye mawe? Unaweza kumaliza nusu sahani salama na tonge linalofuata likakuvunja jino. Huwezi kusimama ukasema mchele huu hauna mawe kwa kuwa tonge la kwanza halikulia. Ndiyo maana wapimaji wanaojua kazi huchota kutoka juu, katikati, chini na pembeni, wanachanganya, ndipo wanapima. Wewe ulichota juu tu, ukapewa jibu la juu. Na jibu zuri halifuti jibu baya. Sumu ikionekana mara moja kwenye gunia, gunia zima limehukumiwa. Kuchemsha hakukuokoi pia, alilikazia sana hilo. Na kikombe chako hakikukudhuru kwa sababu hiyo hiyo, na chai uliyokunywa ulipojifungua ilitoka kwenye gunia jingine la mkulima mwingine. Umetulia sasa? Haya.

Kuhusu mume wako. Ana mapenzi na mama yake, na ana woga, na vitu hivyo viwili vikikaa kwenye kiti kimoja mtu husema maneno kama yale ya "limetuacha huru". Simlaani. Uliniambia kwamba uliporudi kutoka hospitali aliomba funguo za gari na kuanza kupita duka kwa duka kuvikusanya vifuko. Mwache amalize mwenyewe, na katika kila duka aseme sababu. Akisema "tumebadilisha lebo" tu, mwenye duka atabakiza viwili vya kumpa shangazi yake. Mbegu zilizobaki msizitupe wala msizichome. Wakaguzi wanazihitaji ili wamfikie yule mchuuzi, maana gunia lile lina ndugu zake huko nje na watu wanakunywa.

Na sasa mama mkwe, ambaye najua ndiye anayekukosesha usingizi. Simu yako ya mwisho ilinikalisha chini. Ulirudi kwa dada mpimaji akakuunganisha na wakaguzi, wakaja wakiwa na adabu, wakamwaga mbegu kiasi kwenye sinia jeupe, mmoja wao, kijana wa kike, akachambua, akakuta mbegu za mnanaha, akazisogeza karibu na mama. Akamwambia, "Bibi, nionyeshe wewe huwa unazitofautishaje."

Mama akasema, "Ipi?"

"Hii hapa, mbele ya mkono wako."

Akaweka vidole kwenye sinia akaanza kupapasa, uso kaelekeza ukutani. Akachukua habasoda akasema ndiyo hii mbaya. Akachukua mnanaha akairudisha kwenye nzuri. Mume wako akatazama chini. Mama akajipangusa mikono kwenye kanga, akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo anapokea chakula mlangoni na hazungumzi na mtu, na wewe unadhani amekukasirikia.

Huenda amekukasirikia. Lakini mwanangu, mama yule haoni vizuri, na pengine ni muda mrefu haoni vizuri, na alikuwa anawaficha. Alipompata mkulima mwaminifu, vidole vilitosha. Alipokwenda kwa mchuuzi, vidole havikutosha. Hakumtilia mtu sumu. Lakini ndani ya chumba kile anajua kwamba alimpa mama anayenyonyesha kifuko kwa huruma na kumwambia hakijawahi kumwangusha mtu. Fikiri analala na nini.

Kwa hiyo hukumsaliti. Ungemsaliti kama ungemwacha aendelee.

Fanya hivi. Usimtume mumeo, mtoto wa kiume hawezi kuingia katika aibu ya namna hii bila kuikanyaga. Ingia wewe. Salamu kwanza, shikamoo yako ya kila siku, isiwe na sauti ya msiba. Usitaje majibu ya maabara. Usiseme ulikuwa sahihi, wala usiombe msamaha kwa kumwokoa rafiki yako, omba msamaha kwa kwenda kwa siri, kwa sababu hilo ndilo kosa lako kwake. Akikufukuza, toka, na kesho ingia tena na shikamoo ile ile. Fundi cherehani ameniambia kupitia kwako kwamba akipata nguvu atakuja kumsalimia na mtoto. Mwache aje, lakini kwa siku anayoitaka yeye, usimsukume.

Biashara ya chai ilale kwanza. Ikiamka, mbegu zinunuliwe kwa anayejulikana, zichotwe kila upande wa gunia, zipimwe kabla ya kifuko cha kwanza kufungwa, na macho mawili mazima yakae kwenye sinia. Yawe yako. Mama akae kiti cha pembeni akufundishe kukaanga, maana hilo linafanywa kwa pua, na pua yake haina kasoro.

Kabla ya hayo yote, wiki hii, mpeleke kwa daktari wa macho. Mwambie unakwenda kujipima wewe na unataka mtu wa kukusindikiza. Atajua unamdanganya na atakwenda. Mkifika kwenye ngazi, mshike mkono, na usimwambie kwa nini.